Unyevu wa ua usigeuke kikohozi cha mtoto

Saintpaulia, ua ambalo wengi hulijua kama urujuani wa Afrika, linapendwa na akina mama wa mijini kwa sababu mbili. Linachanua ndani ya nyumba bila kuhitaji jua kali, na chungu chake ni kidogo, kinatosha hata juu ya kabati la televisheni. Taabu yake ni moja: linapenda hewa yenye unyevu, na si kila nyumba inaweza kulipa hewa hiyo bila mtu kuumia.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi jijini Dodoma ameipitia taabu hiyo. Ua lake lilianza na jani moja tu. Mama yake mzazi alilikata kwenye chungu cha nyumbani kwake Muheza, akalifunga kwa karatasi iliyoloweshwa, akampa asafiri nalo. Jani la ua hili likichomekwa kwenye udongo mwepesi huota mizizi na kutoa mche mpya. Hilo nalo liliota, na mwaka haujaisha likatoa maua ya zambarau. Mama yake alifariki kabla ya kuyaona.

Kwa hiyo kiangazi kilipofika na matumba ya maua yakaanza kukauka kabla ya kufunguka, hakuwa tayari kulipoteza. Alifunga madirisha ili upepo mkavu usiingie. Usiku alitundika mataulo mabichi kwenye kamba sebuleni. Jioni aliweka jiko la mkaa humo humo ndani, juu yake sufuria ya maji ichemke hadi watu walale. Baada ya wiki kadhaa majani yalinawiri na matumba mapya yakatokea.

Lakini sebule hiyo ndiyo chumba cha kulala cha watoto. Mtoto wake wa miaka 6, mwenye pumu, akaanza kukohoa kila usiku, na pampu yake ya dawa ikawa inatumika mara nyingi kuliko kawaida. Siku moja kabati liliposogezwa, ukuta wa nyuma yake ulikutwa na madoa meusi ya kuvu.

Daktari aliyemwona mtoto hakuanza na dawa. Aliuliza kuhusu nyumba: madirisha yanafunguliwa? Moshi unatoka wapi? Ukuta una unyevu? Maswali hayo yana msingi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likieleza kuwa wanaoishi humo wako katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua na pumu kuwazidia. Hewa yenye unyevu mwingi pia huwastawisha utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito, na kinyesi chao huamsha pumu kwa watu wengi. Jiko la mkaa nalo hutoa moshi na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika chumba kilichofungwa inaweza kuua familia nzima usingizini.

Mwalimu huyo alirudi nyumbani akiwa ameamua kumpa jirani ua lake. Kabla ya kulitoa alimpigia simu mama yake mdogo, aliyebaki Muheza.

“Mwanangu, kwani huku msituni umeona limefungiwa?” mama mdogo alimuuliza. “Linaota kwenye jiwe, kivulini, na hewa inapita. Lipe maji lenyewe, usiipe nyumba nzima.”

Mama mdogo alisema kweli. Asili ya ua hili ni misitu ya Tanzania na Kenya, hasa milima ya Usambara, ambako ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata mwaka 1892 na kulipeleka Ujerumani. Jina lake la kitaalamu lilitokana naye. Huko Amani hunyesha karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma hazifiki 700, tena nyingi hushuka kati ya Desemba na Aprili. Hata hivyo, ua hili mara nyingi huota kwenye miamba, ambako maji hayatuami kwenye mizizi. Linachotaka ni unyevu unaolizunguka, katika hewa inayotembea.

Na unyevu huo unaweza kuishia kwenye chungu. Njia anayoitumia sasa ni chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile angavu, iliyokatwa kitako na kufunikwa juu ya chungu. Mdomo wa chupa huachwa wazi ili hewa ipite, na chungu hakiwekwi penye jua la moja kwa moja, la sivyo ua litaungua. Njia nyingine ni sahani yenye kokoto na maji kidogo, chungu kikikaa juu ya kokoto bila kugusa maji. Hii huongeza unyevu kidogo tu, tena sahani isuguliwe na maji yabadilishwe kila baada ya siku tatu au nne, mbu wasipate pa kuzalia. Kunyunyizia majani hakufai, kwa kuwa yana manyoya yanayoshika maji, na maji ya baridi huyaachia madoa.

Mwenye uwezo anaweza kununua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa. Ua hili huridhika na asilimia 40 hadi 60. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu, inashauriwa unyevu usizidi asilimia 50. Hivyo kati ya 40 na 50 mtoto na ua wanaweza kukaa pamoja. Asiye na kipimo aangalie nyumba yenyewe: vioo vinavyotoa jasho asubuhi, harufu ya uvundo kabatini na madoa ukutani ni dalili kwamba unyevu umezidi.

Ukuta ulisafishwa kwa maji ya sabuni mtoto akiwa kwa jirani, kabati likasogezwa mbali na ukuta, jiko likarudi nje, na madirisha hufunguliwa kila asubuhi. Mtoto anaendelea na dawa ya kuzuia pumu aliyoandikiwa, na siku hizi analala hadi kunakucha. Ua limehamia dirisha la jikoni, na linatoa maua machache kuliko zamani. Mama yake anasema hayo machache yanamtosha.