Neno la vipuri

Katika somo la istilahi mwaka huu nilichagua tramu ya Addis Ababa. Nilitaka kupata maneno ya Kiswahili ya kupanga na kugharimia reli ya mjini, maana hapa Lubumbashi mambo hayo tunayajadili kwa Kifaransa tu.

Tramu hiyo ilifunguliwa 2015. Ina kilomita zipatazo 34 na iligharimu dola milioni 475. Asilimia 85 ilitoka Exim Bank ya China. Mimi niliandika «msaada wa China». Baba, fundi wa mabehewa aliyestaafu, akasoma karatasi yangu, akauliza: «Msaada unarudishwa?» Nikafuta, nikaandika mkopo.

Kisha akatafuta neno la vipuri. Halikuwemo. Nilikuwa na maneno kumi na mawili ya kujenga na saba ya kukopa. La kutunza, hata moja. Baba anajua injini inavyoweza kulala miezi kwa kukosa kitu kinachoenea mkononi. Nikarudi kusoma: treni nyingi za Addis zilisimama baada ya miaka michache, vipuri havipatikani, fedha za kigeni za kuvinunulia ni haba. Abiria hulipa birr chache, deni linadaiwa kwa dola.

Mwalimu amesema orodha ni ndefu mno, niipunguze. Nimeondoa maneno matatu ya sherehe za uzinduzi. «Kipuri» limebaki, ingawa baba angali anabisha: wao kule ateliye walisema «piesi».