Kazi Isiyoonekana

Nilipoajiriwa mwaka 2005 kuwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja ya Posta, Dar es Salaam, kazi ilikuwa ya mikono. Mashine ikigoma kuwaka nilifungua kasha, nikapuliza vumbi kwa blowa, nikachomoa RAM na kusugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa wanafunzi, kisha nikairudisha mpaka vishikizo vibane. Ukisikia mlio mmoja mfupi, ujue imepona. Mama wa uhasibu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akiihofia ripoti yake, alishusha pumzi: “Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie.” Hakuhitaji maelezo, kwa kuwa kazi ameiona kwa macho.

Adui yetu mkubwa alikuwa virusi vya flashi. Mtu akichapisha barua steshenari, kesho yake idara nzima inaona mafaili yamefichwa na zimebaki njia za mkato tu. Intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kujikongoja, kwa hiyo tulipakua antivirusi usiku, tukaizungusha ghorofa hadi ghorofa kwenye CD. Ilichosha, lakini watu walitujua kwa majina.

Julai 2009 mkongo wa Seacom ulianza kazi, na Dar es Salaam ikaunganishwa na dunia kwa njia ya bahari. Pole pole mifumo ya malipo, barua pepe na kumbukumbu ikahamia kwenye seva za mbali. Kwa programu ya AnyDesk nikaweza kuitengeneza kompyuta ya tawi la Mwanza bila kunyanyuka kitini. Lakini matatizo nayo yakahama. Mei 12, 2024, mikongo ya Seacom na EASSy ilipokatika upande wa Afrika Kusini, simu zetu hazikupoa. Kila aliyepiga aliuliza, “Mtandao wenu una nini?” Tatizo lilikuwa chini ya bahari, lawama zikaja mezani kwetu.

Hata hivyo lawama sizo zilizoniumiza zaidi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya hospitali na makampuni katika nchi nyingi, vikidai malipo. Microsoft walikuwa wameshatoa marekebisho mwezi Machi, nasi tulikuwa tumeyaweka kwenye mashine zote, tukibaki ofisini baada ya wenzetu kwenda nyumbani. Kwetu halikutokea lolote. Na kwa kuwa halikutokea lolote, taarifa ya mwaka haikuwa na sentensi hata moja juu yetu. Bajeti ilipojadiliwa, mkuu mmoja akauliza kitengo chetu hasa kinafanya nini.

Hapo ndipo wenzangu walipoanza kuondoka. Mmoja alisomea cheti cha CCNA akaenda kwenye mitandao, mwingine akahamia hifadhidata, mwingine usalama wa mifumo. Siwalaumu. Muundo wa utumishi ulikuwa na ngazi moja tu ya fundi, ukiifikia, umefika. Waliokuwa mahiri kuliko wote ndio waliotangulia kutoka, na kila mwaka tukaanza upya na vijana ambao hawajui hata nani anatumia mfumo gani.

Mimi nilichagua kubaki, na sijutii. Fundi wa msaada ndiye anayejua kazi inavyokwenda kuanzia mapokezi hadi kwa mkurugenzi: nani bado anabandika nywila kwenye skrini, mfumo gani unakwama mwisho wa mwezi, mzee gani anaona haya kuuliza. Nilianza kuandika kila ombi na kila tulichozuia, nakala rudufu tulizojaribu kuzirejesha, mashine tulizozibadilisha kabla hazijafa. Kila robo mwaka nikapeleka orodha hiyo kwa uongozi. Hatimaye ngazi ya fundi mwandamizi ikaanzishwa, yenye mshahara wake.

Kwa hiyo kijana anayenijia kuuliza aende wapi, namwambia asiikimbie kazi hii kabla hajajua anachokipenda. Kama ni usalama au mitandao, aende, na alichojifunza kwa watumiaji kitamfaa huko. Kama ni kusaidia watu, abaki, ila siku ya usaili aulize fundi hupanda hadi wapi. Na mwajiri asiye na jibu ajue kwamba anawafundisha watu kazi kwa gharama zake, kisha anawaachia wengine wawachukue.