Safari ya Swali Moja: Kutoka Mwenge Hadi Tunguu

Swali lenyewe lilizaliwa pale Mwenge, Dar es Salaam, katikati ya moshi wa mkaa na harufu ya maharage ya nazi. Mama lishe mmoja, ambaye wateja wake ni makondakta, mafundi na wanafunzi, alikuwa akisuuza sahani huku akiitazama njia iendayo Chuo Kikuu. Akaniambia:

"Mwanangu, mwaka ule alikuja hapa kijana mmoja wa chuo, chuo gani, sikumbuki. Akakaa tangu asubuhi hadi adhuhuri akinihoji: nauza sahani ngapi, mchele nanunua kwa nani, mkopo napata wapi. Nikamwambia mkopo wa riba siuchukui, dini yangu hainiruhusu. Akaandika yote, chai nikampa, akashukuru, akaenda zake. Hebu nieleze wewe unayeandika magazetini: majibu yangu yalikwenda wapi?"

"Sijui, mama," nilimjibu, "lakini nitakwenda kuuliza."

Nikapanda daladala ya Chuo. Mara tu gari linapoiacha barabara kuu, kelele za mji hupungua, miti huongezeka, na tumbili huvuka njia bila haraka kama wenyeji wasiodaiwa kodi. Chuo hiki hakikuzaliwa mlimani. Kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilihamia mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha taifa kinachojitegemea.

Nilisimama mbele ya Ukumbi wa Nkrumah. Ndugu msomaji, hata kama hujafika hapo, paa lake umepata kulishika mkononi, kwa kuwa ndilo lililochorwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla noti hiyo haijaachiwa nafasi sarafu mwaka 2014. Naona picha ile ilistahili kuwekwa kwenye fedha ndogo ya mwananchi, maana ni fedha ndogo ndogo za wananchi zilizoujenga mlima huu. Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo asiporudi, alisema, ni msaliti. Swali la mama lishe, nikatambua, si geni hata kidogo. Ni la kijiji kile kile kikiulizia chakula chake.

Je, wapo waliorudi? Wapo, na mfano mmoja waanzia kwa mtoto wa shule. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Akihofia kukosa nafasi katika friji, aliyaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alitembelewa shuleni na Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo cha Dar es Salaam. Mpemba akalirudia swali lake mbele ya watu, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi mlimani akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 likachapishwa katika jarida la fizikia kwa majina ya wote wawili, mwanafunzi na mwalimu. Hadi leo wanasayansi wangali wanabishana juu ya chanzo chake, na hata juu ya ukweli wake. Lakini dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba. Kwa mwalimu yeyote anayesoma ukurasa huu, somo ni dhahiri: utafiti huanza pale mkubwa anapokataa kulicheka swali la mdogo.

Mfano wa pili pengine uko rafuni nyumbani kwako. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili katika Afrika Mashariki, na kazi zake zikaja kurithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya hapo mlimani. Taasisi hiyo ndiyo iliyotutungia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981. Hata katika mambo ya kompyuta, ambazo Serikali ilipata kuzipiga marufuku zisiingizwe nchini mwaka 1974, lugha hiyo haikuachwa nyuma. Mwaka 2004 wataalamu wa chuo hicho, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa programu ya kuandikia iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili, nao wakaiita Jambo OpenOffice. Iligawiwa bure. Karani asiyejua Kiingereza aliweza kuamuru mashine kwa lugha ya mama yake.

Kutoka mlimani nilishuka hadi Upanga, kwenye Hospitali ya Muhimbili, kwa sababu mafunzo ya udaktari ya hapo yalikuwa tawi la chuo hicho hicho kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Huko utafiti hauvai joho. Unakaa kwenye mabenchi, umempakata mtoto, unangoja kuitwa jina.

Miongoni mwa wanaongoja wamo watoto wa selimundu. Chembe nyekundu za damu yao hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na hapo maumivu makali hufuata. Mtoto huupata ugonjwa huu kwa kurithi hitilafu kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji tu, wasioumwa, kila mimba yao ina uwezekano wa moja katika nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Mwaka 2004 watafiti wa Muhimbili, akiwamo Profesa Julie Makani, walianza kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka, hata wakafikia maelfu. Ni moja ya hesabu kubwa kabisa duniani za wagonjwa hao katika kituo kimoja. Katika kuwafuatilia ilionekana kwamba kifo huwanyemelea zaidi walio chini ya miaka 5. Maana yake kwa mzazi ni hii: mtoto na apimwe mapema, apewe dawa ya kumkinga na maambukizo kabla hajaugua. Mwaka 2011 Profesa Makani alitunukiwa tuzo na Royal Society ya Uingereza. Lakini mimi nilivutiwa na jambo jingine. Hapa mtafiti hana pa kukimbilia: aliyemhoji jana atamkuta tena kliniki.

Lilibaki neno la mama lishe kuhusu riba. Kwa ajili hiyo nilivuka bahari kwenda Unguja, nikashika njia ya Tunguu, ambako Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1998, kinafundisha biashara, sheria na Sharia. Elimu ya fedha ya Kiislamu nayo ilianzia kwa wanyonge: mwaka 1963, katika mji mdogo wa Mit Ghamr, Misri, mchumi Ahmad El Naggar alifungua benki ya akiba isiyo na riba kwa wakulima waliozizoea fedha zao zikae nyumbani. Kwetu, mwaka 2011 Benki ya Watu wa Zanzibar ilianza huduma za namna hiyo, na mwaka huo huo Benki ya Amana ikafungua milango Dar es Salaam.

Tuseme mama yetu wa Mwenge anataka friji. Katika utaratibu uitwao murabaha, benki haimkopeshi fedha. Huinunua friji yenyewe, kisha humwuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa tangu mwanzo, naye hulipa kidogo kidogo; bei ile haipandi. Katika musharaka, benki na mteja hutia mtaji pamoja, wakagawana faida na hasara. Wataalamu wengi husema musharaka ndiyo iliyo karibu zaidi na shabaha ya uadilifu, lakini benki nyingi hupendelea murabaha, kwa kuwa hatari yake ni ndogo. Na wapo wanaouliza kama faida ile haifanani mno na riba iliyokimbiwa. Hili ndilo fumbo linalostahili utafiti, na anayengoja jibu lake si profesa peke yake.

Niliporudi Mwenge nilimweleza mama yote. Nikamwambia pia kuwa majibu yake huenda yamo katika tasnifu fulani, kwenye maktaba au kwenye intaneti. Ila, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili yenyewe, tasnifu zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza.

Alinyamaza kidogo, akanipakulia wali. "Kwa hiyo nilisema kwa Kiswahili," akasema, "wakaniandika kwa lugha ambayo siwezi kujisoma."

Sikuwa na la kujibu. Wasomi wetu hawakosi akili wala juhudi, niliyoyaona yanashuhudia. Kinachokosekana mara nyingi ni safari ya pili, fupi na isiyo na gharama kubwa: kurasa mbili tatu za Kiswahili, na mtu wa kuzileta mpaka pale swali lilipookotwa.

"Hata hivyo siwafukuzi," akaendelea mama, akifunika sufuria. "Akija mwingine na karatasi zake nitamkaribisha, na chai atakunywa. Lakini kabla hajauliza lake, mimi nitauliza langu: utarudi lini?"