Kikombe Kisicho Mkono

Kahawa niliyokulia nayo Wete, kisiwani Pemba, haikujaza kikombe. Muuzaji alimimina nusu, akakusogezea, nawe ukakishika ukingoni kwa vidole viwili kwa kuwa kikombe hakikuwa na mkono na kahawa ilikuwa inatokota. Mafunda matatu, kimekwisha. Ukitaka kingine, kaa. Ndiyo siri ya udogo ule: kahawa inayomiminwa kidogokidogo haipoi, na mnywaji hapati sababu ya kuondoka.

Sukari haikutiwa. Utamu ulikuwa wa halua au kashata ya njugu, nayo ilitangulia kinywani. Buni zilitoka Bara, zikakaangwa mpaka zikawa nyeusi ti, zikatwangwa, zikachemshwa, kisha dele la shaba likakalishwa juu ya mkaa. Wazee barazani walijua kwa funda la kwanza kama buni zimeungua au kama kahawa ni ya asubuhi imepashwa moto, na muuzaji aliambiwa papo hapo, mbele za watu.

Binamu yangu aliyeishi Antwerp alitusimulia kwamba Wabelgiji wana glasi kwa kila bia. Orval ina yake, pana na yenye mguu. Kwak ina kitako cha mviringo, haisimami mpaka iwekwe kwenye kishikio cha mbao. Wenzangu walicheka. Mimi niliona watu wale tunaelewana, ingawa kinywaji chao si chetu.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, na zaidi baada ya uchaguzi wa 1995, baraza ziligawika. Hii ya CUF, ile ya CCM. Watu walisusiana maduka, harusi, hata maziko. Mtaani kwetu madele yalikuwa mawili, kila moja upande wake wa njia, vikombe vya namna moja kabisa, na mtu hatii mguu ng'ambo. Nilimuuliza ami yangu kama kahawa ya wale ina tofauti na yetu.

"Nitajuaje, mwanangu?" akanijibu, na macho yake yalikuwa kule kule ng'ambo.

Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume, wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, mwana wa Mtambwe hapa Pemba, walikutana Ikulu wakapeana mikono. Julai 2010 kura ya maoni ikapitisha serikali ya umoja wa kitaifa, na wazee wakaanza kuvuka njia. Ami alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Alirudi akasema kahawa yao imezidi tangawizi.

Mwaka huohuo kebo ya umeme kutoka Tanga ilifika Pemba ikipita chini ya bahari, tukaacha kutegemea majenereta ya Wesha. Televisheni ikapandishwa ukutani barazani. Sasa watu walikaa wakitazama upande mmoja, mpira wa Uingereza ukiwa mbele yao, na dele linalozunguka likawa linamkinga mtu asione goli. Muuzaji akabadilisha: chupa ya chai badala ya dele, kikombe kikubwa chenye mkono, sukari ndani kabisa. Unajaziwa mara moja, basi. Ilipokuja corona mwaka 2020 vikaingia vya karatasi.

Vya karatasi sivisemi vibaya. Vile vya zamani vilisuuzwa vyote katika ndoo moja ya maji, mchana kutwa, na visiwa hivi vinakijua kipindupindu. Lakini ugomvi wa siasa wenyewe, pamoja na ukali wake, haukuweza kumwinua mtu kutoka barazani. Ulimhamisha baraza tu. Kikombe cha kuondoka nacho kimeweza.

Chake Chake nina kijana ninayenunua kwake. Kahawa yake nzuri, haichemshi ya jana, tangawizi anaijulia kiasi. Ana meza, chupa mbili za chai na rundo la vikombe. Benchi hana, na wateja wake, wengi vijana wa bodaboda, hawajamuuliza.