Nyumba Ndani ya Nyumba

Ukifika Nyamache siku ya soko, kisha ukashuka kwa miguu kuelekea vijijini penye mashamba ya chai na migomba, haitakosa utakutana na mzee ameketi mbele ya boma lake. Msalimu, msomaji. Naye akiisha kuitikia, atakuuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Wewe ni mtoto wa nani?" Ukimtajia baba yako, atauliza babake baba yako ni nani. Ukimtaja huyo, atapanda daraja nyingine, na nyingine tena, mpaka akufikishe kwenye mlango wa ukoo anaoujua, au mpaka njia ikatike akutambue kuwa mgeni. Mimi nimelelewa katika maswali hayo. Nilipokuwa mdogo yalinichosha, maana nilitumwa chumvi dukani nikarudi jua limekuchwa kwa ajili ya wazee wawili tu waliokuwa njiani. Sikudhani kuwa siku moja ningeifundisha kompyuta kuuliza vivyo hivyo. Wala sikudhani kuwa ningeifundisha vibaya.

Nataka kukusimulia habari ya kosa hilo. Lakini hutaweza kulipima kosa bila kuijua kazi, basi nipe subira kidogo nikueleze kazi yenyewe.

Ukurasa wowote unaoufungua katika intaneti, uwe wa gazeti au wa matokeo ya mtihani, umejengwa kwa visanduku. Kisanduku kikubwa kina vidogo ndani yake, na hivyo vidogo vina vingine, mfano wa boma lenye nyumba, nyumba yenye vyumba, na chumba chenye vyungu. Mafundi huviita visanduku hivyo elementi. Elementi moja yaweza kuwa na wana mia, lakini kila mwana ana mzazi mmoja tu, ila ile ya juu kabisa, ambayo haina mzazi. Lishike neno hili, kwa kuwa tutalirudia.

Katika siku za kwanza za wavuti hapakuwa na njia moja iliyokubaliwa na wote ya kuvipamba visanduku hivyo. Tarehe 10 Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, mtu wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na mji wa Geneva, alitoa pendekezo la namna ya kuandika mapambo ya kurasa. Akashirikiana na Bert Bos, Mholanzi, na mnamo Desemba 1996 toleo la kwanza la lugha yao, ambayo huitwa CSS, likatangazwa rasmi. Waraka wa mitindo ulioandikwa kwa lugha hiyo ni mkusanyo wa kanuni. Kila kanuni ina sehemu mbili: ya kwanza yasema ni nani atakayetendewa, ya pili yasema atatendewa nini, kama vile kupakwa rangi nyekundu au kuandikwa kwa herufi nene. Hiyo sehemu ya kwanza, inayosema ni nani, nitaiita kiteuzi. Nayo ndiyo habari yangu. Mambo ya rangi na herufi nawaachia wapambaji.

Kiteuzi chaweza kumtaja mtu kwa namna nyingi. Chaweza kutaja aina yake, kama kusema aya zote. Chaweza kutaja kundi lake, na hapo jina hutanguliwa na nukta. Chaweza pia kutaja kitambulisho chake peke yake, kwa alama ya reli. Kwetu mkulima wa chai huenda na majani kwenye kituo cha kupimia, naye ana nambari yake. Watu watatu waweza kuitwa jina moja katika kituo kimoja, lakini nambari hailingani na ya mwingine, na malipo huifuata nambari. Hivyo ndivyo kitambulisho kitakiwavyo kuwa katika ukurasa.

Lakini nguvu ya kiteuzi imo katika nasaba. Ukiandika majina mawili na kuyatenganisha kwa nafasi tupu, umesema: mtafute huyu wa pili, aliye mzao wa yule wa kwanza, awe mwana, mjukuu au kilembwe. Ukiweka kishale kati yao, umesema: awe mwana wa tumbo, si mjukuu. Na ukiweka alama ya kujumlisha, umesema: awe ndugu amfuataye mara moja. Nilipokutana na alama hizi mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana niliona ni mazungumzo ya wazee wa kwetu yaliyoandikwa kwa nukta na vishale.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kompyuta inafahamu maana ya majina hayo. Katika Kiswahili "baba" ni mzazi wa kiume. Katika Ekegusii, mtoto akiita "baba" anamwita mama yake. Baba yake humwita "tata". Mgeni asiyelijua jambo hili huweza kuketi nyumbani kwetu siku nzima akishangaa kwa nini mwanamke yule anaitwa baba. Kompyuta haishangai. Kwayo jina ni alama tu, na mwenye ukurasa ndiye aliyeamua alama ile imvae nani.

Sasa tuje kwenye fumbo lenyewe. Kivinjari kina ukurasa wenye elementi elfu kadhaa, na waraka wenye kanuni mamia. Kitajuaje kanuni ipi ni ya nani? Sisi tusomao kutoka kushoto twafikiri kuwa kitaanza na jina la kwanza la kiteuzi, yaani babu, kisha kishuke kutafuta wazao wake. Sivyo. Vivinjari vinavyotumika sana husoma kiteuzi kutoka kulia. Huanza na yule aliyesimama mbele yao, wakauliza: je, jina la mwisho ni lake? Kama si lake, shauri limekwisha, na kanuni zilizo nyingi huishia hapo hapo. Kama ni lake, hupanda kwa mzazi, na kwa mzazi wa mzazi. Sababu yake ni lile neno nililokuomba ulishike. Ukishuka kutoka kwa babu, njia hupasuka kila hatua, kwa kuwa wana ni wengi. Ukipanda kutoka kwa mjukuu, njia ni moja tu mpaka juu. Mzee wa Nyamache hakuulizi, "Je, Mobasi aliyekuwa wa kwanza alizaa nani na nani?" Angefanya hivyo mngekesha. Yeye huanza na wewe.

Basi nirudi kwenye kosa langu.

Ukoo wetu una mfuko wa kuwalipia watoto karo ya shule ya sekondari. Wachangaji wako Nyamache, wako Nairobi, na wengine wako Marekani katika jimbo la Minnesota, ambako watu wa Kisii ni wengi. Ili wote waone hesabu, binamu yangu alitengeneza ukurasa katika intaneti. Kisanduku kikubwa alikiita mfuko. Ndani yake aliweka visanduku vya nyumba, na ndani ya nyumba majina ya watoto. Palikuwa pia na kisanduku kingine humo humo mfukoni, alichokiita wasubiri, chenye nyumba ambazo maombi yao yalikuwa hayajakubaliwa na wazee. Nyumba zilizokubaliwa, kwa hiyo, ni zile zilizokuwa wana wa mfuko moja kwa moja. Zile za wasubiri zilikuwa wajukuu.

Mnamo Januari 2019 niliombwa niandike programu ya kuusoma ukurasa ule na kutoa orodha ya watoto wa kulipiwa. Kiteuzi kilikuwa kifupi: .mfuko > .nyumba .mtoto. Maana yake, kila mtoto aliye mzao wa nyumba ambayo ni mwana wa mfuko. Zipo programu nyingi zilizokwisha andikwa na watu hodari ambazo zingeifanya kazi hiyo kwa mstari mmoja. Nilizijua. Lakini nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nikitaka kuonekana, nikasema nitaandika sehemu ya kulinganisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliandika hivi. Mchukue mtoto. Panda mpaka uikute nyumba. Ukiikuta, tazama mzazi wake. Ikiwa mzazi ni mfuko, mkubali mtoto. Ikiwa siye, mkatae. Niliijaribu kwa nyumba tano za jirani, ikajibu sawasawa. Watoto wa wasubiri iliwakataa kama ilivyotakiwa. Nikaipeleka. Ikatoa majina 37, fedha zikagawanywa kwa watoto 37, zikapelekwa shuleni. Nilisifiwa katika kikao, na nakiri kuwa sifa zile nilizifurahia.

Siku ya tatu akaja nyumbani kwetu mke wa ndugu yake babu yangu, mwanamke mzee sana, ambaye mimi humwita magokoro, yaani nyanya. Alikuwa amepanda kilima kile kwa mkongojo na mvua imemnyeshea. Hakutaka chai. Aliniuliza kwa nini mjukuu wake, aliyefaulu kuingia kidato cha kwanza, hakulipiwa, hali mwana wa jirani amelipiwa. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba kompyuta haina upendeleo. Akanitazama kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, mashine yako imewahesabu watoto wa walio hai. Hawa wa waliokufa itawahesabu lini?"

Nilifungua ukurasa mbele yake. Binamu yangu, kwa uangalifu wake, alikuwa ameipa kila familia nyumba yake chini ya mfuko. Lakini pale ambapo mwana amefariki na watoto wake wanalelewa na bibi, aliiweka nyumba ya marehemu ndani ya nyumba ya mama yake, kama ilivyo kweli katika boma. Nyumba ndani ya nyumba. Programu yangu ilimchukua mtoto yule ikapanda. Ikaikuta nyumba ya kwanza, nayo ni ya babake marehemu. Ikatazama mzazi wake. Si mfuko, ni nyumba nyingine, ya bibi. Ikamkataa papo hapo. Lau ingepanda hatua moja zaidi, ingeiona ile nyumba ya pili, ambayo mzazi wake ni mfuko hasa, na mtoto angekuwa halali kabisa. Kiteuzi hakikusema nyumba iliyo karibu zaidi. Kilisema nyumba yoyote, mradi iwe ni mwana wa mfuko. Mimi ndiye niliyekata shauri upesi.

Watoto walioachwa walikuwa sita, na wote sita walikuwa yatima.

Hapa, msomaji, nikakumbuka jambo ambalo nililijua tangu utoto. Kwetu mtoto aghalabu hupewa jina la babu aliyekwisha kufariki, na kwa hiyo jina moja hurudi tena na tena katika nasaba moja. Ukimwambia mzee kwamba wewe ni wa Nyamweya, naye anamtafuta Nyamweya mwana wa Mogaka, hatakufukuza akisikia kuwa Nyamweya wako ni mwana wa Ogeto. Atauliza, "Na juu ya Ogeto?" Kwa kuwa huenda yuko Nyamweya mwingine juu zaidi, aliyemwachia wa chini jina, na huyo ndiye mwana wa Mogaka. Mzee hakatai mpaka majina yamekwisha. Maswali yale yaliyonichelewesha na chumvi yalikuwa ndiyo kanuni sahihi ya kulinganisha, nami nikayapuuza nilipokuwa nikiandika.

Marekebisho yalikuwa madogo mno hata yaliniaibisha. Niliondoa neno la "ikiwa", nikaweka neno la "maadamu": maadamu bado kuna mzazi juu, endelea kutafuta nyumba nyingine, ukifika juu kabisa bila kuipata, hapo ndipo ukatae. Orodha ikatoka na majina 43. Lakini fedha zilikuwa zimekwisha gawanywa, na shule hairudishi karo kwa sababu ya mistari miwili ya programu. Niliomba radhi mbele ya kikao. Wazee walinikemea kidogo kuliko nilivyostahili, ukaitishwa mchango mwingine, na ndugu wa Minnesota wakatuma sehemu kubwa. Mjukuu wa magokoro aliingia darasani akiwa amechelewa wiki tatu, akawakuta wenzake wamekwisha maliza mada ya kwanza ya hesabu.

Tangu wakati huo lugha ya viteuzi imepanuka. Kwa miaka mingi kiteuzi hakikuweza kumchagua mzazi kwa habari za mwanawe, mathalan kusema: nichagulie kila nyumba yenye mtoto ndani yake. Watengenezaji wa vivinjari waliogopa kuwa ingewalazimu kutazama chini kila mara, na nimekwisha kukueleza jinsi njia za kushuka zilivyo nyingi. Mwaka 2022 Safari na Chrome zilianza kukikubali kiteuzi cha namna hiyo, na Firefox ikafuata Desemba 2023. Nimekitumia mara nyingi, nacho ni kizuri. Siandiki tena kwa mkono wangu yale yaliyokwisha andikwa na hodari, isipokuwa nikiwa najifunza na hapana karo ya mtu mkononi mwangu.

Programu ile ya mfuko ingaliko, na vijana wawili wa kwetu ndio waitunzao sasa. Kabla ya kutoa orodha, hujipima kwa majaribio. La kwanza kati ya hayo nililiandika jioni ile ile, magokoro akiwa bado ameketi karibu na moto akikausha kitenge chake: mfuko, ndani yake nyumba, ndani yake nyumba, ndani yake nyumba tena, na mtoto mmoja chini kabisa. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia ninaifundisha mashine kuuliza, "Na juu yake?" Akasema hilo lingefanywa tangu jana, kisha akakubali chai.