Huyu Si Mzee Wangu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi, mpenzi msomaji, sikuvunjika guu. Nilivunjika moyo, tena mchana peupe, mbele ya bibi kizee aliye na umri wa kumzaa mama yangu. Nitegee sikio nikusimulie, maana kisa hiki kilinifunza jambo ambalo sikuwa nimelisoma katika kitabu chochote cha darasani: rangi haikisiwi, rangi hupimwa.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka 2024, nikiwa Kidato cha Pili. Mama alinipeleka Nakuru kwa mjomba wangu, mwenye studio ndogo ya picha, "ukajifunze kazi badala ya kukodolea macho televisheni." Mbele ya studio kulikuwa na kaunta na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Nyuma kulikuwa na chumba chembamba, kuta zimepakwa rangi ya chungwa, balbu moja ya manjano ikining'inia katikati. Chini ya balbu hiyo ilikaa printa kubwa yenye katriji nane za wino. Mjomba aliienzi printa ile kama mfugaji anavyomuenzi ng'ombe wake wa maziwa.

Siku ya kwanza alinionya. "Mpwa wangu, hapa guza kila kitu. Lakini hizi setingi za rangi, wachana nazo. Ukiona picha imetoka vibaya, niite."

"Sawa, mjomba," niliitikia. Moyoni nikasema, kwani rangi ni nini? Si ni kuangalia tu? Nami nina macho mawili mazima!

Jumatatu ya wiki ya pili mjomba alialikwa kupiga picha katika mkutano wa chama cha ushirika, akaniachia funguo. Haukupita muda mrefu, akaingia bibi kizee akiongozwa na mjukuu wake. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mume wake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli kwa miaka mingi, alifariki mwaka uliotangulia. Jumamosi ile jamaa wangekutana nyumbani kwa ibada ya ukumbusho. Picha nzuri ya mzee ilikuwa moja tu, iliyopigwa na mjukuu kwa simu, mzee ameketi kivulini akitabasamu. Aliitaka iwe kubwa, iwekwe kwenye fremu, itundikwe ukutani.

"Hakuna shida, nyanya," nilijigamba. "Kesho iko tayari."

Nilihamisha picha kutoka kwa simu hadi kwenye tarakilishi. Kwenye skrini mzee alipendeza ajabu. Nikachapisha. Lo! Ilitoka nyeusi mno, macho hayaonekani. Badala ya kumpigia mjomba simu, nikaingia kwenye zile setingi nilizokatazwa. Nikaongeza mwangaza. Nikachapisha tena. Sasa uso ulionekana mwekundu na wa manjano kupita kiasi. Nikavuta rangi kuelekea buluu. Karatasi tatu za bei ghali ziliishia kwenye pipa la taka. Ya nne niliitazama chini ya balbu, nikaipigia makofi. Nikaitia kwenye fremu na kwenda kulala usingizi wa pono.

Jumanne bibi kizee alifika. Nilimkabidhi picha pale mlangoni, juani. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akanirudishia.

"Huyu si mzee wangu."

"Nyanya, ni yeye. Ni ile ile picha ya simu."

"Mwanangu, nimeishi na yeye miaka arobaini na sita. Mzee wangu alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, kama kahawa iliyokaangwa ikakaangika. Huyu mmempaka jivu. Mmemzika mara ya pili."

Kijasho chembamba kilinitiririka. Niliitazama picha ile kwenye mwanga wa jua na kwa mara ya kwanza nikaiona jinsi alivyoiona yeye. Ngozi ilikuwa ya kijivu, midomo imeingia ubuluu, kama maiti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mjomba aliporudi jioni nilimweleza yote. Nilitarajia kofi, lakini hakunipiga wala hakuniinulia sauti. Alichukua picha, akanishika mkono, akanipeleka chumba cha nyuma. "Ona hapa." Chini ya balbu mzee alionekana sawa. Kesho yake asubuhi akanitoa nayo nje. "Na hapa?" Jivu tupu.

"Umeona?" akasema. "Si macho yako mabaya. Macho ya kila mtu huzoea. Ukikaa kwenye chumba chenye mwanga wa manjano na kuta za rangi ya chungwa, baada ya dakika chache jicho linadhani huo ndio weupe. Picha yoyote inapokea umanjano wa balbu, nawe unaanza kuuondoa kwenye picha. Unaondoa kitu ambacho hakimo! Ukitoka nje, manjano ya balbu imebaki ndani, lakini ile buluu yako imo kwenye karatasi."

"Na mbona ya kwanza ilikuwa giza, mjomba?"

"Kwa sababu skrini yangu inawaka kama taa ya lori. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi. Karatasi hurudisha tu mwanga inaoupata. Ukiamini skrini iliyowashwa mpaka mwisho, kila utakachochapisha kitakuja cheusi." Akanyamaza kidogo, akakuna kichwa. "Lakini na mimi nina makosa. Mwezi jana nilibadilisha aina ya karatasi, sikuisawazisha printa upya. Hebu tumtengenezee mama wa watu kazi yake."

Alimpigia simu bibi kizee, akamwomba radhi na kumsihi asubiri hadi Ijumaa. Kisha akampigia rafiki yake wa Nairobi, mpigapicha mwenzake, aliyekuwa na kifaa cha kupimia rangi. Kifaa kilifika Jumatano jioni kwa matatu, kimefungwa kwenye katoni kama mayai. Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza.

Kwanza tuliangalia afya ya printa yenyewe. Tulichapisha mistari myembamba ya kila wino. Mistari ya rangi moja ilikuwa na mapengo, ishara kwamba matundu ya kupitishia wino huo yalikuwa yameziba. Tukaiamuru printa ijisafishe, tukarudia mpaka mistari ikakamilika. "Hapa ndipo watu hukosea," mjomba alisema. "Utasawazishaje mashine yenye mafua?"

Pili ilikuwa zamu ya skrini. Kifaa kilitundikwa juu ya kioo kama mjusi, kikasoma rangi moja baada ya nyingine. Tulipunguza mwangaza hadi kandela 120 kwa kila mita mraba, na weupe tukauweka kwenye kelvin 6500. Mwanzoni niliona skrini imefifia. Baada ya robo saa nilikuwa nimeizoea, nikakumbuka neno la mjomba kuhusu macho.

Tatu, na hapa ndipo kiini cha mambo, tulishughulikia wino na karatasi. Ndugu msomaji, skrini huunda rangi kwa mwanga wa aina tatu: nyekundu, kijani na buluu. Ukiichanganya yote unapata nyeupe. Printa nayo hutumia wino wa samawati, wa majenta, wa manjano na mweusi, na kila wino hufyonza sehemu ya mwanga. Ukizidi kuchanganya unaelekea weusi. Hizo ni lugha mbili tofauti kabisa, kama Kiswahili na Kijaluo. Lazima awepo mkalimani. Mkalimani huyo ni faili ndogo iitwayo profaili, na kila ndoa ya printa, wino na karatasi ina profaili yake. Karatasi ya kung'aa hubeba weusi mzito, isiyong'aa huunywa wino na weusi wake hufifia. Ukibadilisha karatasi ukamwacha mkalimani wa zamani, atatafsiri upotofu.

Ili kumpata mkalimani wetu, tulichapisha karatasi mbili zenye vijiraba vya rangi zaidi ya mia nane, marekebisho yote yakiwa yamezimwa, ili printa ijisemee ukweli wake pamoja na makosa yake. Nilitaka kupima papo hapo. "Tulia," mjomba akasema. "Wino mbichi hudanganya. Rangi hubadilika inapokauka." Tuliziacha karatasi zikauke usiku kucha na kutwa nzima ya Alhamisi. Mvumilivu hula mbivu.

Alhamisi jioni nilipewa heshima ya kupitisha kifaa juu ya vijiraba, safu kwa safu. Kifaa hicho huitwa spektrofotometa. Humulika kijiraba kwa taa yake chenyewe, kikapima mwanga unaorudi. Balbu yetu ya manjano haikuwa na usemi hapo. Kila rangi ilipata namba tatu: ya kwanza ni kiasi cha weupe au weusi, ya pili ni wekundu au ukijani, ya tatu ni umanjano au ubuluu. Mpango huo wa namba uliwekwa mwaka 1976 na CIE, tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, iliyokuwa imeanza kuzipa rangi vipimo tangu 1931. Programu ilizilinganisha namba zilizotakiwa na zile zilizotoka, ikaandika profaili. Profaili za namna hii zina kanuni moja duniani kote kwa sababu mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Agfa na Kodak, zilikubaliana kuunda chombo kiitwacho ICC.

Mjomba alinionya jambo la mwisho. Mkalimani awe mmoja. Ukiiruhusu programu ya picha itafsiri rangi, zima tafsiri ya printa. Zikifanya kazi zote mbili, ni kama wapishi wawili waliotia chumvi kwenye sufuria moja bila kuambiana, na mara nyingi picha hutoka imejaa wekundu wa majenta.

Tulipokuwa tukingoja, nilimuuliza kwa nini hili la ngozi linamuuma hivyo. Akavuta kiti.

"Nilianza kazi hii miaka ya tisini, enzi za filamu. Kwenye maabara nilikofunzwa kulikuwa na kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Tulirekebisha mashine mpaka yeye apendeze. Akipendeza, tunasema mashine iko sawa. Kisha tunachapisha harusi ya watu wetu, na bwana harusi anatoka meno na macho tu."

Baadaye nilisoma na kukuta kwamba kadi kama hizo kweli zilitumika. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo, na zilianza miaka ya 1950. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika habari zake mwaka 2009. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Nilitafakari sana. Kumbe kipimo chenyewe kinaweza kuwa na upendeleo, na anayechagua kipimo ndiye huamua uso wa nani utatoka vizuri! Nami, mtoto mweusi wa mama mweusi, nilikuwa nimempaka mzee wa watu jivu nikidhani ninampendezesha kwa kumuongezea weupe.

Alhamisi usiku tuliichapisha picha ya mzee jinsi ilivyotoka kwenye simu, bila kuitia chumvi wala sukari. Nilitaka kuitazama pale pale chini ya balbu, mjomba akacheka. Tuliiacha ikauke. Ijumaa asubuhi tuliipeleka mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga wa mchana. Weusi wake ulikuwa na joto ndani yake. Kwenye shavu, pale mwanga wa kivulini ulipomgusa, paling'aa. Hata makunyanzi ya kucheka yalionekana.

Bibi kizee alifika saa nne. Safari hii sikusema chochote. Alipokea fremu, akaigeuza kidogo kuelekea nje, akapitisha kidole juu ya kioo kama anayepangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Haya," akasema taratibu. "Sasa umefika."

Hakuwa akinisemesha mimi. Niligeuka nikajifanya napanga karatasi.

Kabla ya likizo kwisha, mimi na mjomba tulipaka kuta za chumba kile rangi ya kijivu na kubadilisha balbu. Karatasi yangu ya nne, ile ya jivu, mjomba aliitundika ndani ya mlango wa kabati ili kila anayefungua achukue wino aione. Sikumuomba aiondoe.

Wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, huenda wengi wenu hamtawahi kugusa printa ya picha. Lakini kila mmoja wetu ana balbu yake ya manjano, aliyoizoea hata akadhani ndiyo jua. Kabla hujamsahihisha mwenzako, toka naye nje kwanza, umtazame kwenye mwanga usio wako. Na ukipewa uso wa mtu uutunze, usiukisie. Pima.