Mguu Uliobaki Ng'ambo

"Mjomba, nikune kisigino." Nilikuwa na miaka tisa, nikamuuliza mjomba wangu kipi.

"Cha kushoto."

Cha kushoto hakikuwepo. Mguu uliishia chini kidogo ya goti. Nikatia kucha kwenye mkeka, pale ambapo kisigino kingefika, nikakwaruza.

"Chini kidogo. Hapo hapo." Akashusha pumzi kama mtu aliyetua debe la maji baada ya kupandisha mlima.

Hiyo ni Chiwata, kusini mwa Tanzania, mwaka 1972. Vita ya uhuru ya Msumbiji dhidi ya Wareno ilikuwa imeanza Septemba 25, 1964, na ng'ambo ya mto Ruvuma waliko Wamakonde wenzetu mjomba alikwenda kuwabebea wapiganaji wa FRELIMO mizigo ya kuelekea Mueda. Akakanyaga bomu la Wareno. Wenzake walimvusha kwa mtumbwi. Unyayo ukabaki porini. Hospitalini Ndanda wakamkata tena, juu zaidi.

Kukunwa kulikuwa kwa siku njema. Siku mbaya vile vidole visivyokuwepo vilijikunja, kucha zikamchimba unyayo, naye akauma kanga ya mama asije akapiga kelele. Bibi hakuwa na shaka: mguu umelala vibaya huko uliko, aende mtu akaunyooshe. Nani aende, na mabomu yale? Majirani wakasema akili zimemruka. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuona haya kumkuna mbele ya wenzangu.

Nimekuja kuwa tabibu ndipo nikasoma kwamba Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyetibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikiita kiungo cha namna hiyo mzuka, mwaka 1871. Ubongo una ramani yake ya mwili, na ramani hiyo haifutwi na msumeno. Miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran akajaribu kioo: aliyekatwa mkono anautazama ule mzima kiooni, anaukunjua, na baadhi ya waliokatwa huhisi usiokuwepo nao unakunjuka. Kioo tu! Kinyozi wetu wa chini ya mwembe alikuwa nacho.

Mjomba alifariki 1988. Matangani wanawake walitandika mikeka chumbani mwake, mgeni mmoja akakaa kando ya ukuta, pale pale. Mama akamgusa bega.

"Dada, sogea kidogo. Hapo pana mguu wa kaka."

Mgeni akatazama chini, akasogea.